JUA MOJA, MVUA MBALIMBALI
Somo la watoto wetu: Kisiwa chetu na Bonde la Msangano



Somo la safari hii ni la watoto wa skuli, lakini twaomba wazazi walisome kwanza, kisha wawasomee watoto wao barazani baada ya kazi. Maswali yaliyomo ndiyo yale yale ambayo mtoto humwuliza mzazi wake wakiwa shambani: Kwa nini mvua ina miezi yake? Kwa nini kivuli cha mkarafuu huhama upande? Kwa nini karafuu ziondolewe uwanjani kabla jua halijatua? Mzazi akijibu, "Ndivyo ilivyo," mtoto hunyamaza, lakini hakujifunza kitu. Akimwonesha sababu, amempa mali isiyoibiwa.

Maswali haya si mchezo. Mvua na jua ndivyo vinavyotupa karafuu, na ndivyo vinavyoweza kutunyang'anya. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa karafuu kavu kilo 1 hivi; zile kilo 2 zilizopotea ni maji ambayo jua limeyachukua. Mvua ikizikuta karafuu majamvini bila mtu wa kuziangalia, kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma huweza kuharibika katika muda wa mchana mmoja.

MSANGANO IKO WAPI?

Ili mtu ayajue vyema mambo ya kwao, yafaa ayalinganishe na ya mahali pengine. Sisi tumechagua Msangano. Hiyo ni kata katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania, upande wa mji wa Tunduma ulio mpakani na Zambia. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo sehemu hizo zilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Msangano imelala katika bonde ambalo ni tawi la Bonde la Ufa, na maji ya Mto Momba hushuka kuelekea Ziwa Rukwa. Watu wa huko hulima mpunga, mahindi, ufuta, mtama na ulezi. Bahari iko mbali nao mno.

Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, pako kusini zaidi kuliko sisi. Mji wa Chake Chake uko digrii 5 na robo kusini ya Ikweta. Msangano iko karibu digrii 9. Pili, pako magharibi zaidi, kwa digrii 7 na kitu. Tofauti hizo mbili ni ndogo katika ramani ya dunia, lakini tazama zinavyobadili maisha ya mkulima. Sisi tuna mvua mbili kwa mwaka: masika, tangu Machi mpaka Mei, na vuli, tangu Oktoba mpaka Desemba. Wenzetu wa Msangano wana msimu mmoja tu, tangu Novemba hivi mpaka Aprili. Tangu Juni mpaka Septemba mvua kwao ni adimu sana. Mkulima wa huko akikosea wakati wa kupanda, hana vuli ya kumfidia. Hungoja mwaka mzima.

Jua ni lile lile moja. Basi, kwa nini mvua zitofautiane?

TUANZE NA KIJITI

Mtoto na achukue kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa mita 1 juu ya ardhi, akisimike mahali tambarare pasipo kivuli cha mti wala nyumba. Ahakikishe kimesimama wima kwa timazi ya mwashi, au kwa uzi uliofungwa jiwe. Kisha, kuanzia saa 5 na nusu ya mchana mpaka saa 7 na nusu, kila baada ya dakika 10 atie alama ya mkaa au kijiwe penye ncha ya kivuli. Asilitazame jua lenyewe, maana huharibu macho. Kivuli kitamwambia yote.

Ataona kivuli kinafupika, kisha kinaanza kurefuka tena. Pale kilipokuwa kifupi kuliko vyote ndipo jua lilipofika juu kabisa kwa siku ile. Huo ndio mchana wa kweli wa mahali pale, na kivuli hicho kifupi huelekea kaskazini au kusini barabara. Mtoto amekwisha kupata dira bila ya kununua dira.

Akirudia kazi hii mwaka mzima, atapata habari kama hizi. Vipimo ni vya kijiti cha mita 1, kwenye mchana wa kweli:

Tarehe 21 Juni: Chake Chake, kivuli sentimita 55, chaelekea kusini. Msangano, sentimita 63, chaelekea kusini.

Tarehe 21 Desemba: Chake Chake, sentimita 33, chaelekea kaskazini. Msangano, sentimita 26, chaelekea kaskazini.

Siku ambazo kijiti hakina kivuli kabisa: Chake Chake, karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba. Msangano, karibu na tarehe 25 Februari na tarehe 16 Oktoba.

Siku hizo za mwisho ndizo jua husimama utosini hasa. Watu wengi hudhani kuwa jua huwa utosini kila siku saa sita. Sivyo. Kila mahali katika nchi yetu hupata siku mbili tu kwa mwaka, wakati jua linapokwenda kusini na linaporudi kaskazini.

Kijiti hicho hicho kiliwahi kuipima dunia nzima. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita mtaalamu aitwaye Eratosthenes, aliyekuwa akiishi Misri, alilinganisha vivuli vya miji miwili akapata kadiri ya mzunguko wa dunia. Hata skuli mbili, moja ya Chake Chake na moja ya Msangano, zaweza kufanya hivyo kwa kupima kivuli siku moja. Tofauti ya mwinamo wa jua baina yao ni digrii 3 na robo tatu hivi, yaani sehemu 1 katika sehemu 96 za duara zima. Mwendo wa kutoka usawa wa Chake Chake kwenda usawa wa Msangano, tukihesabu upande wa kusini tu, ni kilomita 417 hivi. Zidisha kwa 96, utapata kilomita 40,000 na kidogo, na huo ndio mzunguko wa dunia.

KWA NINI MCHANA WAO HUCHELEWA?

Mtoto wa Chake Chake ataona kivuli kifupi karibu na saa 6 na dakika 20. Mtoto wa Msangano atakiona karibu na saa 6 na dakika 50. Dakika hizo husogea kidogo mbele na nyuma kwa mwaka, lakini tofauti baina ya mahali hapo pawili haibadiliki: ni karibu nusu saa.

Sababu ni kuzunguka kwa dunia. Dunia hujipindua yenyewe mara moja kwa saa 24, kutoka magharibi kwenda mashariki. Duara ina digrii 360. Basi kila saa 1 dunia hupita digrii 15, na kila digrii 1 huchukua dakika 4. Sisi tuko mashariki, kwa hiyo sisi hukutana na jua kwanza. Wenzetu walio digrii 7 na kitu nyuma yetu hulipata baada ya dakika 29 hivi.

Mbona basi saa zetu na zao zasema jambo moja? Kwa kuwa watu wamepatana. Kama kila mji ungefuata jua lake, meli, ndege na redio zingechanganyikiwa. Afrika Mashariki imekubaliana kutumia saa ya mstari wa digrii 45 mashariki, ambao hupita karibu na Mogadishu. Saa ya ukutani ni mapatano ya watu, lakini kivuli hufuata jua la mahali pake.

KWA NINI JUA HUHAMA?

Wengine husema kuwa joto huzidi kwa sababu jua limesogea karibu na dunia. Hilo si sahihi. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, na hapo ndipo Ulaya huwa kwenye joto lao kali. Sababu ni nyingine: dunia haikusimama wima katika safari yake ya kulizunguka jua. Imeinama kwa digrii 23 na nusu.

Mtoto na achukue chungwa, alichome kijiti katikati, akiinamishe kidogo, kisha alizungushe chungwa hilo kuizunguka taa bila ya kuubadili upande ambao kijiti kimeinamia. Ataona kuwa mara taa humulika zaidi nusu ya juu ya chungwa, mara nusu ya chini. Mwezi wa Juni ni zamu ya kaskazini. Mwezi wa Desemba ni zamu ya kusini. Ndiyo maana sisi huona jua likihama.

MKANDA WA MVUA

Sasa tuje kwenye mvua. Sufuria ya maji ikichemka na kifuniko kikawa juu, mvuke hupanda, hukuta kifuniko ambacho ni baridi kidogo, ukageuka matone. Mvua ni kazi hiyo hiyo. Jua huipasha moto bahari na nchi. Maji huwa mvuke. Hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda nao. Huko juu kuna baridi. Mvuke hugeuka matone madogo, nayo hukusanyika yakawa mawingu, kisha mvua.

Pale jua linapopiga kwa nguvu zaidi, hewa hupanda kwa wingi, na upepo wa kaskazini na wa kusini hukimbilia kuijaza nafasi yake. Pepo hizo mbili hukutana, na pale zinapokutana pana mkanda wa mawingu ulioizunguka dunia kama mshipi. Mkanda huo hulifuata jua, ila huwa nyuma yake kwa majuma kadhaa, kama vile sufuria isivyochemka mara tu moto unapowashwa.

Fuata mwendo wake. Katikati ya mwaka mkanda uko mbali kaskazini, pande za Sudan na Ethiopia. Kwetu huvuma kusi, na Msangano ni kiangazi. Jua likirudi kusini, mkanda hutupita sisi kwanza: hiyo ndiyo vuli yetu. Kisha huteremka kusini mpaka Zambia, Malawi na kusini mwa Tanzania. Mwezi wa Januari na Februari sisi tuna kaskazi, upepo ule ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na mvua hupungua. Lakini hapo ndipo Msangano inapopata mvua nyingi, kwa kuwa mkanda umefika karibu na mwisho wa safari yake na unakawia huko. Jua likigeuka, mkanda hutupita tena ukienda kaskazini: hayo ndiyo masika.

Jibu la swali letu ni hili. Sisi tuko njiani, na msafiri hutupitia akienda na akirudi. Wenzetu wako karibu na kituo chake cha mwisho. Kwenda kwake na kurudi kwake kwaungana kukawa msimu mmoja. Mvua yao na yetu huletwa na mkanda mmoja.

Na kwa nini masika huizidi vuli? Sababu moja ni bahari. Maji ya bahari yetu huwa na joto zaidi karibu na Machi na Aprili, na huwa baridi zaidi karibu na Agosti na Septemba. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke mwingi ndio mvua nyingi.

JUA HALIKOSEI, MVUA HUKOSEA

Hapa twaomba wanachama wasikilize vizuri. Kivuli cha tarehe 7 Machi kitakuwa vile vile mwaka huu, mwaka ujao, na watakapokuwa wazee watoto wanaosoma leo. Mvua haina ahadi ya namna hiyo. Mkanda hulifuata jua, lakini bahari na pepo huweza kuuchelewesha, kuuharakisha au kuutia nguvu.

Mwisho wa mwaka 1961 Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa mno, na katika miaka iliyofuata maji ya Ziwa Victoria yakapanda kwa zaidi ya mita 1. Mwisho wa mwaka 1997 ilikuja mvua ya El Nino, na wengi waikumbuka. Mwaka 2019 vuli ilizidi tena kiasi. Katika miaka yote hiyo mitatu upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ulikuwa na baridi kuliko kawaida. Mambo hayo yakiwa kinyume, vuli huwa haba. Jua lilikuwa lile lile, lakini bahari ilibadilika.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Hawakulima kwa miezi ya mwandamo, kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, upungufu wa siku 11 hivi kwa mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Kwa kilimo na safari za baharini walihesabu mwaka wa Nairuzi, siku 365, wakazigawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Hiyo ilikuwa hesabu nzuri. Kasoro yake ni kuwa mwaka wa jua ni siku 365 na robo, kwa hiyo hesabu ya siku 365 tupu husogea siku 1 kila miaka 4. Na juu ya hesabu, wazee walitazama mawingu, pepo na miti. Walijua kuwa tarehe pekee haitoshi.

Na sisi leo tufanye vivyo hivyo. Tujue tarehe ya jua, tusikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na tutie macho yetu juani na mawinguni. Mwanachama anayesema, "Vuli haijafika, karafuu zilale nje," amemwamini msafiri asiyetoa ahadi.

KARAFUU NA UMANDE

Kukauka ni kazi ile ile ya sufuria, ila ya polepole. Maji yaliyo ndani ya karafuu huwa mvuke na kwenda zake. Mambo matatu husaidia: joto, hewa kavu, na upepo wa kuuondoa mvuke. Ndiyo sababu karafuu zitandazwe kwa wembamba na zigeuzwe mara kwa mara. Zikirundikwa, mvuke wa zile za chini hauna njia; zitapata joto la ndani, zitavunda, na rangi itapauka. Karafuu za namna hiyo mnunuzi hazihitaji, au huzipa daraja ya chini.

Usiku mambo hugeuka. Mbingu ikiwa safi, ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa iliyoigusa ardhi hupoa, na hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Basi mvuke hushuka ukawa umande. Mtoto ameuona mchana: bilauri ya maji ya barafu hutoka jasho kwa nje. Jasho hilo halikutoka ndani ya bilauri, limetoka hewani. Vivyo hivyo jamvi la karafuu lililoachwa nje huyanywa tena maji ambayo jua lilifanya kazi mchana kutwa kuyaondoa. Kwa hiyo karafuu na ziondolewe kabla jua halijatua, zingali na joto, na zisitandazwe asubuhi mpaka uwanja umekauka.

KAZI YA NYUMBANI

Kila nyumba na iwe na kijiti chake na chombo chake cha mvua. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka wima, liweke mahali pa wazi mbali na miti, na kila asubuhi mtoto apime kwa rula kina cha maji katika milimita, aandike katika daftari, kisha amwage. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita 1 ya mraba. Eka moja ina mita za mraba 4,047. Basi mvua ya milimita 10 imemimina lita 40,000 na zaidi katika eka moja, yaani ndoo 2,000 za lita 20. Mzazi akiona hesabu hiyo ataelewa kwa nini mfereji wa kuondolea maji katika shamba la mteremko si kazi ya anasa.

Daftari la mwaka mmoja litaonekana dogo. La miaka 10 litakuwa mali ya familia, na litasema mambo ambayo kumbukumbu ya mtu husahau.

Maswali:

1. Leo mchana kivuli cha kijiti chako kimeelekea upande gani? Basi jua liko upande gani wa kwetu?
2. Jua likichomoza Chake Chake, mtoto wa Msangano atangoja kadiri gani kuliona, nawe wajua kwa hesabu gani?
3. Kwa nini Januari ni mwezi wa mvua Msangano na ni mwezi wa kaskazi kwetu?
4. Umande hutoka wapi?
5. Mvua ya jana ilikuwa milimita 25. Lita ngapi zimeanguka katika eka moja?

Mtoto akishindwa kujibu, asipigwe wala asichekwe. Apewe kijiti, apelekwe uwanjani, atazame tena.